Kupanga na kuficha nyaya ndani ya kasha la kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Kazi yangu ni kuunda kompyuta za mezani na kuzitengeneza zilizoharibika, hapa kisiwani. Wanaokuja ni vijana wa gemu, wahariri wa video za harusi, wenye ofisi ndogo, na mara nyingine mzazi aliyepakata kasha lililojaa vumbi akiniambia, "Mwanangu, hii ya ndugu yako imezimika tangu Ijumaa." Swali la nyaya halikosi. Wengine wanataka kioo cha pembeni kionyeshe ndani pasafi, wengine wamechoka kupapasa gizani kila wanapotaka kuongeza diski.

Kabla hujasoma majibu, lishike hili moja: waya hufungwa ili uje kufunguliwa. Mji wetu una vumbi, unyevu na chumvi, na vyote vitatu vitakulazimisha kulifungua kasha kila baada ya miezi michache. Mpangilio unaopendeza machoni lakini haufunguki bila mkasi, mimi siuhesabu kuwa mpangilio.

Je, nyaya zikipangwa kompyuta inapoa?

Inapoa kidogo tu, na kwenye makasha mengi ya sasa yenye wavu mbele hutaiona tofauti kwenye kipimo cha joto. Hewa hupita pembeni mwa waya bila tabu. Kinachoizuia ni fungu zito lililorundikwa mbele ya feni ya kuingizia hewa, au waya uliogusa mapanga ya feni ukaisimamisha. Hilo la pili nalikuta mara nyingi zaidi: kijiwaya cha taa kimejipenyeza kwenye feni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, feni imekwama, na prosesa inajipunguza kasi yenyewe isije ikaungua. Mwenye kompyuta ameshaweka Windows upya mara mbili akidhani ni virusi.

Faida kubwa iko kwenye usafi na matengenezo. Vumbi letu halikai kavu. Likichanganyika na unyevu wa bahari hugeuka utandu unaonata, na bloa peke yake haiutoi. Lazima mkono na brashi viingie. Mkono ukikutana na kichaka cha nyaya, mtu hukata tamaa, hufunga mfuniko na kusema atasafisha siku nyingine. Joto hupanda kwa njia hiyo, polepole, mwezi baada ya mwezi.

Nimenunua vifaa vyote, kasha liko tupu mbele yangu. Nianzie wapi?

Vua mifuniko yote miwili, wa kioo na wa bati la nyuma. Kioo kilaze juu ya mkeka au godoro, usikisimamishe kamwe kwenye sakafu ya vigae. Kioo hiki kimeimarishwa kwa joto: katikati hustahimili mengi, lakini pembe yake ikigonga kigae hupasuka chote kwa mara moja, vipande kama mchele.

Sasa tazama upande wa nyuma. Kati ya bati linalobeba mothabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, na mfuniko kuna uwazi. Upime kwa rula. Makasha mengi yana milimita 15 hadi 30. Ukiwa na 30, jipangie unavyopenda. Ukiwa na 15, fahamu mapema kwamba waya mnene haupishani na mwingine mnene, kila mmoja atahitaji njia yake.

Waya wa kwanza uwe wa prosesa. Huu ndio unaosahauliwa, na ndio unaowatesa watu usiku wa manane. Kichwa chake kina pini 8, mara nyingi kimegawanyika nne kwa nne, na soketi yake iko kwenye pembe ya juu ya mothabodi, upande wa kushoto, karibu na tundu dogo la kasha. Ukishafunga mothabodi na kupachika kipoza joto kikubwa, vidole haviingii tena pale. Kwa hiyo mimi hupitisha waya huu kabla mothabodi haijaingia, nikaacha kichwa kikichungulia tunduni. Tundu likiwa jembamba natumia mshipi wa kuvulia: naufunga nyuma ya kichwa cha waya, napenyeza ncha ya mshipi hadi upande wa pili, navuta taratibu huku mkono wa pili ukisukuma. Mshipi ni mwembamba, ni mgumu kukatika, na Mombasa haukosekani.

Mothabodi ikishakaa, leta vijiwaya vya mbele kupitia chini, halafu waya wa USB ya mbele, halafu waya mkuu wa pini 24 kupitia tundu la mpira lililo karibu zaidi na soketi yake. Wa kadi ya grafiki, ile inayotoa picha kwenye skrini, uje mwisho. Usifunge kitu bado. Washa mashine ikiwa wazi, ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya mothabodi yenyewe), tazama kama feni zote zinazunguka na diski zote zinaonekana. Nimewaona watu wakifunga tai ishirini kwa subira kubwa, kisha wakagundua waya wa diski haukuingia sawasawa.

Ikishawaka, izime na uchomoe plagi ukutani. Kuzima pekee hakutoshi. Maadamu stima inaingia, pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, huendelea kupeleka volti 5 za akiba kwenye mothabodi, na zile za zamani zenye nyaya za rangi utauona waya huo ukiwa wa zambarau. Skrubu ikidondoka wakati huo, yaweza kuunganisha visivyotakiwa kuungana.

Ndipo ufunge. Upande wa nyuma chagua mkondo mmoja mkuu wa kushuka, nyaya zilale humo sambamba kama miyaa ndani ya ukili. Bibi yangu alikuwa akisuka mikeka, na alichonikataza zaidi ni kuuvuta mwaa mmoja kuliko wenzake, maana mkeka mzima hupinda. Nyaya nazo zina tabia hiyo. Ziandame kwa vidole kutoka kwenye kichwa kuelekea kwenye pawa saplai, zinyooshe moja moja, na ziada yote iishie chini ndani ya chumba cha pawa saplai. Ziada ikibaki juu, mfuniko hautakubali.

Nitumie tai za plastiki au velkro?

Velkro, kwa kila unachotarajia kukigusa tena, na hicho ni karibu kila kitu. Fundo la jahazi hushika tanga usiku kucha na bado hufunguliwa kwa mkono bila kisu. Velkro ndiyo fundo la namna hiyo kwenye kasha. Huna haja ya kununua zile za kompyuta zenye chapa. Ukienda Biashara Street kununua leso, ulizia kwa wauza uzi na zipu. Velkro ya mafundi cherehani huuzwa kwa mita. Kata vipande vya sentimita 15, upana wa kidole, umetosheka.

Tai za plastiki nazitumia mahali pawili: kushikilia kitu kizito kama kisanduku cha kuunganishia feni, na kwenye mashine inayosafiri mara kwa mara. Ukizitumia, zikate kwa koleo bapa la kukatia, sawa kabisa na kichwa chake. Ncha iliyokatwa mshazari kwa mkasi wa nyumbani ni wembe. Kidole changu cha shahada kina kovu la ncha kama hiyo, na tangu siku hiyo hupitisha kidole gumba polepole juu ya kila tai kabla ya kufunga kasha.

Ukaze kiasi gani? Ushike waya mmoja ndani ya fungu kwa vidole viwili uuvute. Ukiteleza kidogo, ni sawa. Ukigoma, umekaza kupita kiasi.

Mipira ya manila usiitie ndani ya kasha. Joto huikausha, hukatika, au huganda juu ya waya kama ubani. Selotepu nayo gundi yake huyeyuka, na kuisafisha ni kazi ya kukuudhi.

Rafiki yangu ana nyaya za ziada za pawa saplai yake, fupi na nzuri. Zinaingia kwenye yangu. Nizitumie?

Usizitumie, tafadhali. Ukisoma jibu moja tu hapa, lisome hili.

Pawa saplai ambazo nyaya zake huchomoka zina pande mbili. Upande unaokwenda kwenye mothabodi, diski na kadi kwa kawaida unafuata kanuni moja duniani kote. Upande unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe hauna kanuni. Kila mtengenezaji hupanga pini apendavyo, na hata kampuni moja huweza kubadilisha mpangilio kutoka toleo moja hadi jingine. Kichwa kitaingia vizuri, kitabofya kama kawaida, na volti 12 zitapita palipotakiwa volti 5.

Mteja wangu mmoja, mpiga picha za harusi, aliuziwa pawa saplai ya mtumba pamoja na mfuko wa nyaya zilizochanganywa. Zote ziliingia. Alipobonyeza swichi, diski mbili zilikufa papo hapo, na moja ilikuwa na harusi tatu ambazo wenyewe walikuwa hawajakabidhiwa. Nilishika ile diski mkononi nikanusa harufu ya kuungua, nikakosa la kumwambia. Tangu hapo kila pawa saplai inayotoka mikononi mwangu nyaya zake zilizobaki nazitia kwenye mfuko wake, na jina na namba ya toleo naviandika kwa kalamu nzito. Nawe fanya hivyo leo, kabla hujasahau mfuko upi ni wa nani.

Kuna kijiwaya kingine cha kuogopa: kile cha kugeuza plagi ya zamani ya pini 4 kuwa plagi ya umeme ya SATA (kiungo cha kawaida cha diski), cha aina ya plastiki iliyomiminwa kwa pamoja. Ndani nyaya hukaa karibu mno, na vimewahi kuwaka moto. Kama huna budi, chagua chenye plagi ambayo kila waya umebanwa peke yake na unauona unapoingia.

Ami, hivi vijiwaya vidogo vya swichi ya mbele vinanichanganya. Vinakwenda vipi?

Vinamchanganya kila mtu, mwanangu, hata mwenye miaka kumi ya kazi hutafuta tochi na kitabu cha mothabodi.

Swichi ya kuwashia na ile ya kuanzisha upya hazina mbele wala nyuma. Zigeuze utakavyo, zitafanya kazi. Taa ndizo zenye chanya na hasi. Ukizigeuza hakuna kinachoungua, taa haiwaki tu, na dawa ni kuchomoa na kugeuza.

Njia yangu ni hii. Sihangaiki kuchomeka kimoja kimoja pale chini gizani. Navishika vyote mkononi, navipanga kwa mfuatano ule ule wa mchoro wa kitabuni, nyuso zao zikielekea upande mmoja. Kisha navizungushia tepu ya fundi wa umeme mara moja, iwe kama plagi moja nene. Naichomeka yote kwa pamoja. Siku ya kuitoa inatoka yote kwa pamoja, na ikirudi hakuna kubahatisha.

Waya wa USB 3 wa mbele ndio mkaidi kuliko wote. Ni mnene, mgumu, na pini zake 19 kwenye mothabodi hupinda kirahisi. Uchomeke wima, usiusukume mshazari. Ukiutoa, shikilia soketi kwa mkono wa pili, kwani soketi nzima huweza kung'oka na kuacha ubao mtupu. Upinde wake uuanzie mbali na kichwa.

Kasha langu ni la mtumba, la ofisini. Nyuma hakuna nafasi hata ya uzi. Nifanye nini?

Kompyuta nyingi tunazotumia zilianza maisha ofisini, na makasha yake hayakutengenezwa ili mtu atazame ndani. Hapo hatufichi, tunatuliza. Nafasi tupu ya kusomea CD, pale juu mbele, ndiyo kabati lako: fungu la nyaya za pawa saplai zisizochomoka lisukume mule, limefungwa kwa velkro, mbali na feni. Sehemu ya chini ya kibanda cha diski nayo hupokea. Kinachobaki kifuate kingo za kasha na usikikatishe katikati ya ubao.

Jambo linalopunguza nyaya kuliko ufundi wowote ni kuhama kwenye diski ya M.2, kama mothabodi yako ina nafasi yake. Diski hiyo hulala juu ya ubao wenyewe, na nyaya mbili, wa data na wa umeme, zinatoweka. Kama bado una diski za SATA, nunua waya wa data wa urefu unaohitaji tu. Kanuni ya SATA inaruhusu hadi mita 1, lakini kasha dogo linatosheka na sentimita 30.

Usitoboe bati mothabodi ikiwa ndani. Toa kila kitu, toboa, piga msasa kingo, futa chembe zote za chuma, kisha rudisha. Na kabla ya kununua pawa saplai mpya ya kawaida, tazama soketi ya mothabodi yako. Baadhi ya OptiPlex za Dell na baadhi ya HP za ofisini hazitumii kichwa cha pini 24.

Mfuniko wa nyuma haufungi. Niusukume?

Hapana. Kinachobana ni vichwa vilivyokutana, na ukivisukuma hujui kipi kimechomoka au kipi kinapindwa.

Laza kasha ubavuni, weka mfuniko juu bila kuukaza, pitisha kiganja. Palipoinuka ndipo penye shida. Mara nyingi utakuta nyaya mbili nene zimepandana, au vichwa vitatu vya SATA vimekaa juu ya kimo kimoja. Visogeze vipishane kama matofali. Ikishindikana, teremsha ziada chini kwa pawa saplai. Mfuniko uliopangwa vyema huteleza kwa vidole viwili.

Waya wa kadi ya grafiki unaharibu sura yote. Nautengenezeje?

Anza na usalama, sura itafuata. Kichwa cha pini 8 kimekadiriwa wati 150, cha pini 6 wati 75, na soketi ya mothabodi yenyewe hutoa hadi wati 75. Kadi yenye soketi mbili za pini 8 na inayokula umeme mwingi ipe nyaya mbili tofauti kutoka pawa saplai. Ule waya mmoja wenye vichwa viwili vinavyofuatana unapendeza kwa kuwa ni mmoja, lakini mzigo wote unapita humo.

Kadi kubwa za kuanzia 2022, kama RTX 4090, zilikuja na kichwa kimoja cha pini 16 kinachoweza kubeba hadi wati 600. Vichwa kadhaa viliyeyuka, hasa vile ambavyo havikusukumwa hadi mwisho. Mwaka 2023 kikatoka kilichorekebishwa, 12V-2x6, chenye pini ndogo za kuhisi zilizofupishwa, ili kadi isivute nguvu zake zote kama kichwa kimeingia nusu. Ukiwa na chochote kati ya hivyo viwili: sukuma mpaka usione ufa wowote kati ya kichwa na soketi, mulika kwa tochi uhakikishe, na uache waya unyooke kama milimita 35 kabla ya kuupinda. Kama kioo cha pembeni kinaukandamiza, kasha hilo ni jembamba kwa kadi hiyo. Vumilia kioo kikae wazi hadi upate kasha pana.

Kwa sura, upitishe waya kwenye tundu lililo chini ya kadi, kwenye mfuniko wa pawa saplai, upande juu moja kwa moja hadi kwenye kadi. Safari fupi ndiyo nzuri kuliko zote.

Feni sita, zote na taa. Nyaya kumi na mbili! Naomba msaada.

Usipeleke kila waya kwenye mothabodi. Tumia kigawanyi cha feni, au kisanduku cha kuunganishia kilichobandikwa nyuma, waya mmoja uelekee ubaoni. Soketi ya feni ya mothabodi kwa kawaida huhimili ampea 1. Feni tatu za milimita 120 za kawaida zinapita bila shida, lakini sita kwenye soketi moja zinahitaji kisanduku kinachopata umeme wake kutoka pawa saplai.

Kwenye taa tahadhari moja. Kuna za volti 5 zenye matundu matatu, na za volti 12 zenye matundu manne. Ukilazimisha ya volti 5 kwenye soketi ya volti 12, taa zitaungua papo hapo. Soma maandishi kwenye ubao, usiangalie umbo tu.

Na panga mwelekeo wa feni ukiwa na waya akilini. Kabla hujakaza skrubu, zungusha feni hadi waya wake utoke kwenye pembe iliyo karibu na tundu la nyuma. Wengi hukaza kwanza, kisha waya hubaki ukining'inia mbele ya kioo.

Nyumba yangu iko karibu na bahari. Chumvi na wadudu vinaathiri nyaya?

Vinaathiri sana, na maelekezo mengi kutoka ng'ambo hayalitaji jambo hili kwa kuwa si shida yao.

Chumvi huanza kwenye skrubu na kingo za bati, ukiona kutu hapo ujue inatembea. Kisha huingia kwenye vichwa vya nyaya: utaona unga wa kijani au weupe kwenye pini. Kila ninapofungua kasha la Nyali au Shanzu lililokaa mkabala na dirisha la baharini, nachomoa vichwa vikuu, natazama pini, nafuta kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili, naacha vikauke, narudisha. Kuchomoa na kurudisha kwenyewe husugua uchafu mwepesi. Ndiyo maana nasisitiza waya ufunguke. Wakati wa kusi, upepo ukija na mvua, lisogeze kasha mbali na dirisha.

Halafu mjusi kafiri. Anapenda joto la pawa saplai, na akikatisha juu ya ubao huunganisha umeme kwa mwili wake, hufa na kuua mashine. Nimewatoa wengi. Nafasi zote za nyuma zisizo na kadi ziwe na vifuniko vyake vya chuma, hata tundu moja lisibaki wazi. Fungu la nyaya lililosokotana ni nyumba nzuri kwa mjusi na sisimizi. Nyaya zilizolala sambamba kwenye bati haziwapi mahali pa kutaga.

Kasha lisikae sakafuni. Kibao cha sentimita kumi kinatosha.

Unyevu wa Mombasa unaondoa hatari ya umeme tuli?

Unaipunguza, kwani hewa yenye unyevu huzuia chaji kujikusanya. Haiondoi yote, hasa chumba chenye kiyoyozi. Gusa bati la kasha kabla ya kugusa ubao.

Kiyoyozi kina jambo jingine. Mashine iliyokuwa kwenye chumba baridi, ukiitoa ghafla nje kwenye joto, hutoa jasho juu ya chuma kama chupa ya soda. Iache saa moja au mbili kabla ya kuiwasha.

Zile nyaya za rangi za kurefushia, zinafaa?

Zinapendeza, na vichana vyake huzifanya zikae sambamba vizuri. Lakini ni za kuongeza: waya wa asili unabaki pale pale, sasa umefichwa nyuma pamoja na kiungo kinene. Kasha lenye uwazi wa milimita 15 litakushinda. Pima kwanza. Ukiweza kupata nyaya zilizotengenezwa kwa ajili ya pawa saplai yako hasa, za urefu kamili, hizo ni bora, ila thibitisha toleo kwa herufi na namba.

Nimeona mothabodi zisizo na soketi mbele kabisa. Ni kweli?

Ni kweli. ASUS wanaziita BTF, MSI Project Zero, Gigabyte Project Stealth. Soketi zimehamishiwa nyuma ya ubao. Sura ya mbele ni safi ajabu. Unahitaji kasha lenye matundu yanayolingana na soketi hizo, na nyaya zote bado ziko nyuma zikingoja kupangwa. Kwa mtu anayenunua kila kitu kipya ni chaguo zuri.

Naweza kukata nyaya za pawa saplai ambazo sizitumii?

Usikate. Utazihitaji, au atazihitaji utakayemuuzia. Mabaki ya shaba yaliyo wazi ndani ya kasha ni hatari pia. Zikunje, zifunge, zifiche.

Nahama kutoka Likoni kwenda Bamburi. Nyaya zitabaki mahali pake?

Zitabaki ukizisaidia. Kadi ya grafiki nzito itoe kabisa, itie kwenye boksi lake. Tuktuk ikipita kwenye matuta, kadi huvuta soketi yake kwa uzito wote. Kipoza joto kikubwa cha prosesa kisimamie juu, yaani laza kasha ubao ukiwa chini, umelitandikia mto au leso zilizokunjwa. Kasha lipakate wewe mwenyewe, hasa kwenye feri penye msongamano. Ukifika, usiwashe. Fungua, bonyeza kila kichwa kwa kidole, hasa cha pini 24 na cha prosesa, na vya SATA ambavyo havina ndoana, kisha ndipo uwashe.

Nimepanga kila kitu vizuri, sasa haiwaki. Nimeharibu?

Pengine hujaharibu. Swichi ya nyuma ya pawa saplai iko upande wa I? Waya wa prosesa wa pini 8 umeingia hadi ndoana ikalia? Wa pini 24 je? Huu ni mgumu, na watu huuacha milimita mbili kabla ya mwisho. Ukikaza fungu la nyuma huenda ulikivuta kichwa kimoja kikalegea, kwa hiyo legeza velkro na ubonyeze upya.

Feni zikizunguka lakini skrini ni nyeusi, tazama waya wa kadi ya grafiki, kisha toa RAM (kumbukumbu ya muda) uirudishe. Kama hakuna kinachozunguka kabisa, chomoa plagi, toa vile vijiwaya vya swichi ya mbele, chomeka plagi tena, na uguse pini mbili za swichi ya kuwashia kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Ikiwaka, tatizo ni kijiwaya cha swichi. Isipowaka, chomoa plagi, fungua kila velkro, laza nyaya mezani, na uanze na mothabodi, prosesa na RAM moja tu. Ongeza kimoja kimoja, ukiwasha kila baada ya kimoja.